Karabai ya Mjomba na Jua la Utosini

Jioni hii nimeingia studioni na kikapu, na fundi mitambo wetu aliye upande wa pili wa kioo ameshanionya kwa kidole nisithubutu kuwasha kilichomo. Asiwe na wasiwasi, haina mafuta. Ni karabai. Tangi lake la shaba limeliwa na chumvi, ngozi ya pampu imekauka kama ganda la muhogo, na kioo chake kina ufa tangu enzi za mjomba wangu, mvuvi wa dagaa pale Pangani, aliyeiheshimu taa hii kuliko alivyowaheshimu baadhi ya ndugu zake.

Nimeibeba kwa sababu nataka kuzungumza juu ya umeme wa jua. Najua, mtu akitaja umeme wa jua hatarajiwi kuja na taa ya mafuta. Nivumilieni.

Kwa waliozaliwa wakakuta swichi ukutani: karabai ndiyo iliyokuwa ikitundikwa mwembeni usiku wa maulidi, ndiyo iliyomulika ngoma na misiba, na ndiyo iliyoning'inizwa ubavuni mwa mashua usiku wa giza, mwezi haupo, dagaa wakaifuata wenyewe. Moyo wake ni kijifuko cha shashi, kidogo kama kidole gumba, kinachofungwa kwa uzi chini ya bomba la mvuke wa mafuta. Kikiwa kipya ni laini, waweza kukikunja ukakitia mfukoni. Mjomba alikuwa akishakifunga anakichoma kwa kiberiti kabla hajatia pampu. Kinashika moto, kinageuka cheusi, kinajikunyata, halafu weusi unaliwa kidogo kidogo kuanzia ukingoni mpaka kinabaki kitu cheupe pe. Pamba yote imeungua. Kilichobaki ni jivu lenye umbo la mfuko. Kuanzia hapo hakiguswi. Nondo akikigonga, kimekwisha. Mtoto akibamiza mlango, kimekwisha. Mtoto huyo nilikuwa mimi, mara mbili katika Ramadhani moja, na mara ya pili mjomba hakunena neno. Alikaa na mimi gizani mpaka nikaomba radhi mwenyewe.

Sasa liangalieni jambo hili. Mvuke wa mafuta ya taa ukipata hewa ya kutosha huwaka kwa moto wa buluu, moto mkali sana lakini hauangazi hata barua ukaisoma. Tia msumari ndani yake: utakuwa mwekundu, ukizidi sana utakuwa wa rangi ya chungwa. Lakini lile jivu, ndani ya moto uleule, linatoa weupe wa kuumiza macho. Moto ni mmoja. Vilivyomo ni viwili. Kwa nini kimoja kinafoka mwanga na kingine kinanung'unika tu?

Mwaka 1885 huko Vienna palikuwa na kijana aitwaye Carl Auer von Welsbach, aliyekuwa amesoma kwa Robert Bunsen kule Heidelberg. Alijitwisha kundi la madini ambalo wakemia wengi walilikwepa. Leo tunayaita madini adimu, ingawa baadhi yake si adimu hata kidogo; taabu yake ni kwamba yanafanana tabia kama mapacha, na kuyatenganisha ni sawa na kuchambua chumvi na sukari zilizokwisha kumwagikia kwenye uji. Mwaka huohuo Auer alikitenga kitu kilichodhaniwa kuwa elementi moja, zikatoka mbili: praseodimiamu na neodimiamu. Na katika kuzichoma chumvi za madini haya motoni aliona zinavyong'aa. Akaloweka pamba katika maji yenye chumvi hizo, akaikausha, akaichoma. Kijifuko cha kwanza kikazaliwa.

Biashara ya mwanzo ilimfia. Mwanga ulielekea ukijani, vifuko vilikuwa vinavunjika ovyo, kiwanda kikafungwa. Akarudi maabara, na mwaka 1891 akatoka na kipimo kilichokuja kuenea dunia nzima: sehemu 99 za oksaidi ya thoriamu, sehemu 1 ya oksaidi ya seriamu. Miaka ya karibuni watengenezaji wengi waliiacha thoriamu kwa kuwa ina mionzi ya nyuklia, wakatia itriamu mahali pake, lakini siri haikubadilika.

Moja kwa 99. Thoriamu peke yake motoni hupata joto kali, ila ni bahili, haitoi mwanga. Seriamu peke yake ni mbadhirifu: inatoa mwanga wa kuonekana na usioonekana, inagawa kila kitu, kwa hiyo inapoa na kuishia kufifia. Ukimpa bahili hazina yote aishike, na mbadhirifu ukamwachia mlango mmoja tu wa kutolea, na mlango huo ukawa ni ule wa mwanga unaoonekana kwa jicho, umepata karabai.

Kanuni iliyo nyuma yake iliandikwa mwaka 1859 na Mjerumani Gustav Kirchhoff. Nitaieleza kwa sahani. Chukua sahani ya kaure, nyeupe, iliyochorwa ua jeusi katikati. Ipashe kwenye tanuri mpaka iive nyekundu, halafu itazame katika chumba chenye giza. Ua lililokuwa jeusi sasa ndilo linalowaka, na weupe wa sahani umefifia nyuma yake. Picha imegeuka. Ni kwa sababu kitu kikiwa na moto hutoa mwanga wa aina ileile ambayo hupenda kuinywa. Weusi hunywa mwanga wote, basi ukipata moto hutoa wote. Weupe huukataa mwanga, basi hata ukiwa na moto hukataa kuutoa. Nawaomba muiweke akiba kanuni hii, maana mbele itatugeuka.

Vitu vingi, msumari wa chuma au kaa la mkaa, hunywa karibu kila aina ya mwanga, kwa hiyo vikipata moto hutoa mchanganyiko mpana, na sehemu kubwa ya mchanganyiko huo ni infraredi, lile joto unalolisikia usoni bila kuliona. Madini adimu yana tabia nyingine. Elektroni zake zinazohusika na mwanga hazikai barazani. Zimo ndani kabisa, nyuma ya elektroni nyingine. Mfikirieni mwari aliyewekwa ndani: barazani wageni wamejaa, ukumbini makelele, uani masufuria yanagongana, lakini chumbani kwake kumetulia, na akiimba, anaimba kwa sauti yake mwenyewe. Katika chuma, atomi jirani zinasukumana na kuvuruga kila kitu, kwa hiyo tunapata makelele ya rangi zote. Katika oksaidi ya iterbiamu, mojawapo ya madini hayo, ule wimbo wa ndani unatoka karibu ulivyo, hata joto likipita nyuzi 1,000.

Iterbiamu ilipewa jina la Ytterby, kijiji karibu na Stockholm, Sweden, na kijiji hichohicho kimetoa pia majina ya itriamu, erbiamu na terbiamu. Elementi nne kwa machimbo moja. Sijui kijiji kingine chenye sifa hiyo. Iterbiamu ikipata moto huimba zaidi kwenye urefu wa wimbi wa nanomita zipatazo 980, nje kidogo tu ya pale jicho letu linapokoma. Erbiamu huimba chini zaidi, kwenye nanomita 1,500 hivi. Mwaka 1972 mtafiti Guido Guazzoni alichapisha vipimo vya oksaidi za erbiamu, samariamu, neodimiamu na iterbiamu zikiwa na joto kali, na vilima vya mwanga huo vikaonekana wazi kwenye chati zake.

Hebu tushuke sasa tupande paa. Wiki iliyopita nilimsaidia jirani yangu kufuta vumbi kwenye paneli zake za sola, saa saba mchana, kosa la mtu asiyefikiri. Nilitia kiganja juu ya kioo nikakiondoa mbio. Paneli ilikuwa inachoma. Na paneli haipendi joto: ya silikoni, kwa kila nyuzi moja juu ya 25, hupoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.45 ya nguvu zake. Ikifika nyuzi 60, ambazo juu ya bati la mchana si ajabu, imekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Jirani akaniuliza: kwani jua si ndilo inalolitaka? Mbona inateseka nalo?

Nilimjibu kwa daladala. Silikoni ni konda mwenye nauli moja na asiye na chenji. Tuseme nauli ni shilingi 600. Abiria mwenye 400 hapandi. Hata wakija kumi wenye 400, konda hajui kuzichanga, wote wanaachwa kituoni. Abiria mwenye noti ya 10,000 anapanda, lakini amelipa 600 tu kwa hesabu ya konda, na ile chenji inapotelea chini ya viti. Mwanga wa jua ni msafara wa abiria wa aina zote, zile chembe za mwanga ziitwazo fotoni. Fotoni za infraredi yenye wimbi refu zaidi ya nanomita 1,100 hivi hazifikishi nauli ya silikoni. Zinapita bila kulipa, na hizo hubeba takriban moja ya tano ya nguvu yote ya jua. Fotoni za buluu na kijani zina pesa nyingi mno. Zinapanda, na ziada yao hugeuka joto, ndilo lile lililoniunguza kiganja. Ziada hiyo ni karibu theluthi ya nguvu yote. William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu hii mwaka 1961, na kwa seli ya aina moja chini ya jua la kawaida, ukomo ukaangukia karibu theluthi moja. Uisafishe silikoni upendavyo, hesabu ya konda haibadiliki.

Basi njia moja ni kumbadilisha konda: kuweka makonda wawili watatu wenye nauli tofauti, mmoja juu ya mwingine. Seli hizo zipo, ni ghali, zinaruka na satelaiti. Njia ya pili ndiyo iliyonileta na kikapu. Abiria wote, kabla ya kufika kwa konda, wapitishwe duka la kuvunja pesa. Wa 400 na wa 10,000 wamwage vyote mezani, vichanganywe, na mwenye duka arudishe mafungu ya 600, au tuseme 680, kila fungu likitosha nauli bila kubakiza kitu cha maana. Kuchanganya pesa za jua ni jambo rahisi kuliko yote: lifanye joto. Joto halijali fotoni ilikuwa buluu au nyekundu. Kulirudisha joto katika mafungu yaliyo sawa ndiko kugumu, na hapo ndipo iterbiamu inaposimama dukani. Mwanga wake wa nanomita 980 unafikisha nauli ya silikoni na kuizidi kidogo tu.

Je, kuna aliyewahi kuijaribu? Sehemu hii ya habari ndiyo iliyonifanya niitafute karabai ya mjomba stoo. Mwaka 1954 maabara ya Bell huko Marekani ilionyesha seli ya silikoni ya kwanza yenye manufaa, iliyogeuza kama asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Miaka miwili tu baadaye, 1956, Henry Kolm wa Lincoln Laboratory, maabara ya chuo cha MIT, alichukua taa ya Coleman, dada yake karabai, yenye kijifuko cha Auer, akaiweka mbele ya seli ya silikoni. Umeme ukatoka. Kidogo, lakini ukatoka. Taa ya wavuvi na seli ya jua zilikutana mezani kabla wengi wetu hatujazaliwa, na zikafahamiana.

Baadaye Waswisi, katika Taasisi ya Paul Scherrer, walirudi kwenye umbo hilohilo: kijifuko cha nyuzi za oksaidi ya iterbiamu juu ya moto wa gesi, seli za silikoni zikikizunguka. Walitaka jiko la kupashia nyumba joto liweze kujiendeshea lenyewe umeme ukikatika. Na msidhani walishikilia nyuzi kwa mapenzi ya mambo ya kale. Ukitengeneza kipande kinene cha oksaidi, mwanga unaozaliwa ndani hunywewa njiani tena na tena, na ule wimbo safi hupanuka ukawa makelele. Tena kipande kinene kikipashwa na kupozwa ghafla hupasuka kama chungu kilichotiwa maji baridi. Uzi mwembamba hupona, maana hauna ndani wala nje. Auer alikuwa ameipata njia hiyo kwa sababu pamba ndiyo aliyokuwa nayo.

Hayo yote ni moto wa mafuta na gesi. Na jua? Jua halichomi kama moto wa buluu, inabidi likusanywe. Hapa nina mtu mmoja wa kuwatajia, Mfaransa Félix Trombe, na sijui kwa nini habari zake hazisimuliwi zaidi. Alianza kama mkemia wa madini adimu. Mwaka 1935 alikuwa mmoja wa waliogundua kwamba gadoliniamu huvutwa na sumaku kama chuma. Kisha ikaja vita kuu ya pili. Ilipokwisha, Trombe alichukua kioo cha taa kubwa ya kijeshi ya Wajerumani, ile ya kumulika ndege usiku, kipenyo chake mita 2, akakigeuzia jua huko Meudon, nje ya Paris, mwaka 1946. Taa iliyotengenezwa kutupa mwanga angani ikawa ya kuupokea. Mwaka 1949 alihamia Mont-Louis, milima ya Pyrenees, akajenga kubwa zaidi, na mwishowe ikajengwa ile ya Odeillo: vioo bapa 63 mlimani vinavyolifuata jua na kulirushia ukuta mmoja uliobonyea, mrefu kuliko jengo la ghorofa kumi, ambao unalikusanya lote mahali padogo kama mdomo wa sufuria. Joto hupita nyuzi 3,000. Na miongoni mwa vitu vilivyowekwa chini ya jua hilo la kukusanywa ni oksaidi za madini adimu. Mwenzake Trombe, Marc Foëx, alizipasha zaidi ya nyuzi 2,000 akaziona zikibadili mpangilio wa atomi zake mara kadhaa kabla ya kuyeyuka.

Kwa hiyo jua lipo, joto lipo, unga wa oksaidi upo. Mbona hatuna paneli za namna hii madukani? Hapa ndipo Kirchhoff anapotugeuka, kama nilivyosema. Iterbiamu hutoa fungu moja la mwanga kwa sababu hunywa fungu hilohilo. Oksaidi yake ni unga mweupe, mweupe kama sembe. Uanike juani: mwanga mwingi unaukataa na kuurudisha. Mwenye duka la kuvunja pesa anapokea noti za aina moja tu mlangoni. Kile kinachomfanya awe mtoaji mzuri ndicho kinachomfanya awe mpokeaji mbaya.

Watafiti wamelichungulia tatizo hili kwa leza, na jaribio lenyewe ni la kustaajabisha. Huchukuliwa unga wa oksaidi ya iterbiamu, ukashindiliwa kidogo ukawa kidonge, ukamulikwa kwa leza ya nanomita zipatazo 980, mwanga usioonekana. Nguvu inaongezwa pole pole. Hakuna kitu. Inaongezwa. Hakuna kitu. Halafu, ikivuka kiwango fulani, nukta moja juu ya kidonge inawaka ghafla, nyeupe yenye umanjano, kama nyota iliyotua. Hakuna kilichoungua, zima leza, unga ni uleule. Kwa muda watu walibishana kama ule ni mng'ao wa joto au mchezo mwingine wa elektroni. Joto lina sehemu kubwa. Chembe za unga hugusana kwa ncha tu, katikati kuna hewa, kwa hiyo joto likiingia halina njia ya kutoka. Aliyewahi kuona pumba za mpunga zikishika moto kwa ndani siku tatu anajua. Na ukiivuta hewa yote, ukaacha ombwe, mwangaza unazidi. Kidonge kikipata joto hunywa zaidi, kikinywa zaidi hupata joto zaidi.

Lakini jua si leza. Leza ni abiria wote wenye noti ya aina moja. Kwa jua inabidi tupige ujanja: upande wa mbele, unaolitazama jua, uwe mweusi tititi, kaboni au kitu kinachofanana nayo, unywe kila kitu, upande wa nyuma, unaoitazama seli, upakwe oksaidi. Mweusi anapokea, mweupe anatoa, na kati yao joto linapita. Kwenye karatasi, mpango wa namna hii, ukikusanya jua hadi mwisho na kuchagua mwanga bila kosa, ukomo wake ni karibu asilimia 85. Sasa sikieni ya mezani. MIT mwaka 2014 walipata asilimia 3.2 kwa jua. Mwaka 2016 wakafika 6.8. Hata hao, kwa kutoa mwanga uliochaguliwa, hawakutumia madini adimu. Walipanga matabaka membamba yasiyoonekana kwa macho.

Nawajua wasikilizaji wangu, kuna anayecheka sasa hivi. Asilimia saba! Paneli ya jirani, pamoja na kuteseka kwake, inatoa mara tatu ya hiyo. Kweli. Na ukikutana na mtu anauza leo "sola ya madini adimu inayofanya kazi kwa joto," funga mkoba wako. Joto lina njia nyingi za kutoroka: linapita kwenye vishikizo, linarudi nyuma kwa jua kupitia upande mweusi, na lile tabaka la oksaidi, pamoja na wimbo wake safi, lina mtetemo wa chini kwenye infraredi ndefu unaovuja bila kukoma. Tena vioo vya kukusanyia jua havitaki wingu. Paneli ya kawaida huambulia kitu hata siku ya mawingu. Kioo cha kukusanya kikifunikwa na wingu moja la Tanga kimelala. Mambo haya yangefaa Dodoma au Lodwar kuliko pwani yetu.

Lakini joto lina fadhila moja ambayo umeme hauna: linakaa. Tofali lililofungwa vizuri huamka na joto la jana. Ndiyo maana mwaka 2022 MIT pamoja na maabara ya taifa ya nishati mbadala ya Marekani, NREL, walipotangaza seli inayogeuza mwanga wa kitu chenye moto kuwa umeme kwa zaidi ya asilimia 40, kitu chenye moto kikiwa kati ya nyuzi 1,900 na 2,400, waliokuwa wakifuatilia mambo haya hawakuuliza habari za mchana. Waliuliza habari za saa mbili usiku, watu wakipika na jua limezama. Waliotumia hapo ni tungsteni, si iterbiamu, na mimi kwa ushabiki wangu wa karabai niliumia kidogo.

Mtu mmoja alinitumia ujumbe wiki iliyopita akiuliza kama madini haya tunayo. Tunayo, ila tusichanganye. Ngualla, mkoani Songwe, kuna hazina kubwa, na inayosakwa pale ni neodimiamu na praseodimiamu, zile mbili za Auer, kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Gakara, Burundi, vilevile ni hasa madini adimu mepesi. Iterbiamu na erbiamu ni nzito, na nzito hupatikana zaidi kwenye udongo wa mfinyanzi wa aina fulani, kama ule wa Makuutu, mashariki mwa Uganda, ambako madini yamejishika juu ya chembe za udongo badala ya kufungwa ndani ya mwamba. Kuyachimba ni hatua ya kwanza tu. Kuyachambua, ile kazi ya chumvi na sukari kwenye uji, bado ndiyo yenye thamani, na kwa sehemu kubwa hufanyika China.

Naona fundi mitambo ananyoosha vidole viwili, nimebakiwa na dakika mbili.

Nilipokwenda Pangani mwaka jana nilikuta wavuvi wengi wameziacha karabai. Binamu yangu, mtoto wa yule mjomba, anatumia taa za LED, betri yake inachajiwa mchana kwa paneli. Nilimwomba azime moja nimwonyeshe. Ndani ya taa nyeupe za namna hiyo kuna doa la manjano, kama kiini cha yai dogo. Umanjano huo kwa kawaida ni itriamu na alumini pamoja na oksijeni, na ndani yake imetiwa seriamu kiasi kidogo sana. Seriamu ileile ya kijifuko, itriamu ileile iliyokuja kushika nafasi ya thoriamu. Safari hii haichomwi. Mwanga wa buluu unaigonga nayo inarudisha manjano, viwili vikichanganyika jicho linaona weupe. Nikamwambia, kaka, baba yako aliivulia dagaa seriamu maisha yake yote, nawe unaivulia.

Akaitazama taa kwa muda. Kisha akaniuliza kama hiyo seriamu haipatani na maji ya chumvi, maana taa ya tatu hiyo inamfia tangu Shaabani.